NGUO ZA KASHA NA NGUO ZA KONGOWEA

Na mwanachama wa Kidato cha Tatu

Mwalimu wetu mlezi aliagiza kila mwanachama aandike makala ya mafunzo juu ya jambo analolijua kwa kulitenda. Wenzangu wameandika juu ya ngeli, mjadala na ufugaji wa kuku. Mimi naandika juu ya kuvaa: namna ya kuchanganya nguo za zamani na za siku hizi mpaka mtu akapata mtindo wake mwenyewe. Najua wapo watakaocheka. Sisi wa shule ya kutwa twajuana mpaka majumbani, na wanaojua kwetu wanajua kuwa sina kabati. Nina mfuko mmoja, na ndani yake mna sare mbili, nguo za kulalia na hizi nitakazowaeleza. Mwenye kabati lililojaa hana haja ya kuumiza kichwa juu ya nguo, mimi nililazimika.

Nianze na uongo nilioufanya. Nikiwa Kidato cha Pili chama chetu kiliadhimisha Siku ya Kiswahili Duniani, ambayo UNESCO iliitangaza mwaka wa 2021 kuwa tarehe 7 Julai kila mwaka. Tukaruhusiwa kuja na nguo za nyumbani, bora ziwe za heshima. Darasa zima lilishangilia, nami nikashangilia kama wao. Siku ilipowadia nikamwambia mama kuwa nina homa. Nilikuwa nimepangiwa kughani shairi nililolitunga mwenyewe, beti saba, na mwenzangu akalisoma kutoka kwenye karatasi yangu huku mimi nimelala kitandani mchana kutwa, buheri wa afya.

Bibi, mama yake baba, anakaa nasi. Aliingia chumbani, akaniwekea mkono kwenye paji la uso, kisha akasema, "Homa hii ni ya nguo." Hakusema zaidi. Jioni ile aliniita chumbani kwake, akalifungua kasha lake la mbao mbele yangu kwa mara ya kwanza.

Ndani mlikuwa na harufu ya naftalini ya kukupalia. Kulikuwa na gauni la krimplini rangi ya chungwa, la miaka ya 1970, na gauni jingine la pamba lenye kola ndefu, ambalo bibi anasema kitambaa chake kilitoka kiwanda cha Rivatex cha Eldoret. Kulikuwa na kikoi na koti la suti la marehemu babu, la kijivu, lenye vifungo vitatu. Chini kabisa zililala leso, nyingine jozi nzima ambazo hazijakatwa wala kupindwa. "Chagua utakachovaa," akasema. "Lakini ukitaka kukigeuza, niulize." Nyinyi mnaosoma, lishikeni neno hilo la mwisho, kwa maana mimi sikulishika.

Kabla hatujashika sindano, wacha niondoe dhana moja. Wengi wetu twadhani kuna nguo za asili zilizokuwapo hapa tangu jadi, na nguo za kisasa zilizoletwa na meli juzi, na kuwa anayezichanganya anaharibu. Nilipoanza kuuliza na kusoma niliona kuwa hapa Pwani mambo hayakuwa hivyo hata kidogo. Neno leso lenyewe lilitoka kwa Wareno, na kwao maana yake ni kitambaa cha mkononi. Katika karne ya 19 wanawake wa Pwani na Unguja walivinunua vitambaa hivyo wakaunga sita, tatu juu na tatu chini, wakapata nguo moja ya kujifunga. Wafanyabiashara walipoona biashara ilipo wakaanza kuchapisha nguo nzima. Ndiyo leso tuijuayo: pindo pande zote, mji katikati, na jina, yaani yale maandishi. Zamani jina liliandikwa kwa herufi za Kiarabu, baadaye likaja kwa herufi hizi tunazotumia darasani. Kampuni ya Kaderdina Hajee Essak, ile ya alama ya "Mali ya Abdulla", ilianza hapa hapa Mombasa mwaka wa 1887. Wenzetu wa Tanzania huiita nguo hiyo kanga.

Merikani, kile kitambaa cheupe cha pamba, kilipata jina lake kwa sababu kililetwa na meli za Wamarekani, nyingi zikitoka mji wa Salem. Kitenge nacho kina safari yake: Waholanzi waliiga batiki ya Java kwa mashine, wakaja kuiuza Afrika. Na kama bado una shaka, mtazame mzee yeyote wa Mji wa Kale siku ya Ijumaa. Amevaa kanzu na kofia ya mkono, na juu ya kanzu ametia koti la suti la Kizungu. Hakuna amwambiaye kuwa amechanganya. Tumezoea mpaka hatuoni tena kuwa ni mchanganyiko.

Kwa hivyo kuchanganya tumekuta kunafanyika. Kazi ni kujua unachanganya nini na nini, na hapo ndipo nilipoharibu.

Likizo ya Desemba niliona picha ya msichana aliyevaa blauzi ya leso na suruali ya jinzi. Nikaipenda mno. Bibi alikuwa ameenda matangani. Nikafungua kasha, nikatoa leso moja ya rangi nyekundu na nyeusi, ambayo jina lake lilikuwa "Akiba haiozi". Nikachukua upande mmoja, nikautandaza sakafuni, nikaweka fulana yangu juu kama kipimo, nikakata. Saa moja tu. Nilishona kwa mkono mpaka usiku. Asubuhi nilipoivaa, kifuani palisomeka "ba haiozi", na "Aki" ilikuwa imekwenda mgongoni karibu na kwapa. Niliponyanyua mkono kujitazama kwenye kioo, bega likachanika trrr, kwenye mstari ule ule leso ilipokuwa imekunjwa miaka yote.

Bibi aliporudi alikuta vipande kitandani. Hakufoka. Alivikunja kimoja kimoja, akaniomba nimrudishie mkasi wake, akatoka. Siku tatu nilimwamkia shikamoo naye akaitikia marahaba, basi, wala hapakuwa na neno jingine. Mama ndiye aliyenieleza. Leso ile babu aliinunua wiki aliyozaliwa baba. Upande mmoja bibi alijifunga, na upande wa pili, huo nilioukata, ndio uliokuwa mbeleko. Baba yangu alibebwa ndani yake.

Sikuandika haya ili mnihurumie. Niliyajua makosa yangu baadaye kwa fundi, na ni makosa ambayo kila mtu anaweza kuyaepuka, kwa hiyo tuyatazame.

Kosa la nguo kwanza. Pamba iliyokunjwa muda mrefu huoza kwenye mkunjo, hata kama nguo nzima yaonekana imara. Chukua nguo ya zamani, iinue mbele ya dirisha uitazame dhidi ya mwanga. Ukiona mstari unaopitisha mwanga kuliko kwingine, hapo ni dhaifu. Ivute taratibu kwa vidole viwili. Ikilia, usiikate wala usiibane mwilini. Itumie mahali isipovutwa. Na anayekata leso hukata baada ya kujua jina litaangukia wapi. Jina hukaa upande mmoja wa mji, kwa hivyo anza kupanga kutoka kwenye jina, kisha ndipo uje kwenye mabega.

Kosa la pili ni kutoijua nguo ni ya nini. Kuna nguo za zamani zilizo za kuvaa na nyingine zilizo za kuwekwa. Kwa macho huwezi kuzitofautisha. Aliye nazo ndiye ajuaye, na ukimuuliza utapata hadithi pamoja na nguo. Gauni la krimplini, kwa mfano, mimi niliogopa kuligusa kwa vile lilikuwa linang'aa kama jipya. Kumbe bibi halipendi hata kidogo. "Lichukue," akaniambia siku tulipoanza kusemezana tena, "lilinichoma joto miaka minne."

Na kweli linachoma. Hapa niingize somo la vitambaa, maana ni muhimu kuliko rangi. Toa uzi mmoja ndani ya mshono, ushike kwa kibanio, uuchome juu ya sahani, mtu mzima akiwapo. Pamba huungua ikaacha jivu laini na harufu ya karatasi iliyoungua. Krimplini na tetroni huyeyuka zikaacha kijitone kigumu cheusi. Vya namna hii vilipendwa sana kwa sababu havikunji wala havichujuki, na akina mama walipumzika kupiga pasi, lakini havipitishi hewa. Mombasa mwezi wa Februari ukivaa krimplini utajuta. Mwezi wa Julai kukiwa na upepo wa kusi unaweza. Na pasi ya moto usiisogeze karibu.

Nilimpelekea fundi lile gauni na koti la babu. Fundi wetu ni mzee, anakaa kwenye baraza na cherehani ya miguu, na ni mkali. Mimi nilitaka akate koti liwe fupi, liishie kiunoni kama ya siku hizi. Alilipindua ndani nje kwanza. Akanionyesha kitu ambacho sijawahi kukiona ingawa nimevaa nguo miaka yote hii: mshono wa mgongoni ulikuwa umeachiwa kitambaa cha ziada, karibu vidole viwili kila upande. Fundi wa zamani alijua mwenye koti atanenepa au atamrithisha mwanawe. Kisha akachukua fulana yangu ya mtumba akaipindua pia. Mshono wake ulikuwa mwembamba kama utepe, ukingo umezungushiwa nyuzi tu. "Hii ikikubana huna la kufanya," akasema. "Hili la babu yako laweza kupanuka au kupungua, na siku moja likarudi lilivyokuwa. Nikilikata, basi limekwisha."

Tangu siku ile kila nguo naipindua kwanza. Nguo ya kushonwa yenye kitambaa cha ziada naipunguza kwa kuingiza mshono ndani bila kukata. Pindo la chini vile vile. Jambo jingine alilonifunza ni mabega. Ubavu wa koti hupunguzwa kwa nusu saa, lakini mabega ni kazi ya kulifumua koti zima, na gharama yake yapita bei ya koti. Kwa hivyo chagua koti kwa mabega. La babu lilinizidi kidogo, tukaliacha hivyo. Vifungo viko upande wa kiume, navyo tukaviacha.

Tatizo lilikuwa bitana. Makoti mengi ya zamani huchakaa ndani kabla ya nje, na la babu lilikuwa limechanika kwapani na mikononi. Fundi alitaja bei ya bitana mpya nami nikanyamaza. Nyumbani nilimweleza bibi. Kesho yake alijifunga buibui, akachukua kifurushi, akaniambia twende. Kufika kwa fundi alifungua kile kifurushi. Ndani mlikuwa na vipande vya leso niliyoikata, amevifua na kuvipiga pasi. "Tia humu," akasema. "Ndani haivutwi na mtu." Fundi alipima, akatikisa kichwa, akapima tena. Vilitosha mikono miwili na upande wa kushoto. Upande wa kulia ukabaki na bitana ya zamani, imezibwa viraka. Alitutoza shilingi 250, nazo nilizilipa kwa awamu tatu.

Sasa tuje kwenye vile vya kisasa, ambavyo kwangu mimi maana yake ni Kongowea. Hapo sina mengi ya kusema kwa kuwa nyinyi nyote mwapajua. Belo likifunguliwa, wanaochagua kwanza wanachagua kamera, nguo safi za bei ya juu. Kila siku zikipita bei inashuka, na mwisho ni fagia, yale mabaki yanayorundikwa chini. Mimi hununua fagia, siku za katikati ya wiki baada ya masomo, wakati wauzaji wanataka kufunga. Usitazame jina la kampuni lililoshonwa shingoni. Tazama kwapa, zipu, na magoti ya suruali. Doa la kwapani halitoki hata ufanyeje, lakini zipu mbovu hubadilishwa. Na usinunue nguo kwa kuwa ni rahisi. Nunua kwa kuwa unajua itavaliwa na kitu gani ulichonacho. Nilishawahi kununua sketi tatu kwa bei ya kutupa na hakuna hata moja iliyopatana na kitu chochote kwenye mfuko wangu. Mdogo wangu amefanya moja ya kusafishia baiskeli.

Watu wengine husema mitumba ndiyo iliyoviua viwanda vyetu vya nguo. Mimi naona lina ukweli, maana mlango ulipofunguliwa miaka ya 1990 viwanda vingi vilididimia; hata Rivatex ilisimama, mpaka Chuo Kikuu cha Moi kikainunua mwaka wa 2007. Lakini nakumbuka pia mwaka wa 2020, serikali ilipozuia mitumba isiingizwe nchini kuanzia Machi mpaka Agosti kwa ajili ya Korona. Jirani yetu anauza pale sokoni. Sitasahau walichokula miezi ile. Hoja hiyo nawaachia watu wa mjadala.

Namna ya kuchanganya sasa. Nilijaribu mara nyingi mbele ya kioo cha mama, na mara nyingi nilionekana kama mtu wa kuigiza. Gauni lote la 1970, na viatu vya wakati ule, na kitambaa cha kichwa cha wakati ule, ukawa umevaa kama wa tamthilia. Mwishowe niliona kuwa nguo ya zamani ikae peke yake. Koti la babu na fulana nyeupe isiyo na maandishi. Gauni la krimplini, ambalo fundi alilifanya sketi, na shati la kawaida. Kile cha zamani kina mengi ya kusema, basi vya sasa viwe kimya. Mtu akija na leso ya maua, na fulana ya picha ya mwanamuziki, na raba za rangi tatu, hapo wote wanapiga kelele kwa pamoja kama matatu kwenye steji. Tena viatu viwe safi. Nguo ya zamani ikikutana na raba chafu, watu wataona umaskini tu. Ikikutana na raba iliyosuguliwa ikawa nyeupe, wataona umekusudia. Raba zangu ni za kitambaa, nazisugua kwa sabuni na mswaki mzee, nazianika kivulini.

Harufu ya naftalini nayo ni adui. Kuifua nguo mara moja hakuiondoi. Ianike penye upepo, kivulini, siku mbili tatu, kisha ndipo uifue. Jua kali huipausha.

Nilikuwa karibu nisahau suti za Kaunda. Watu walizicheka miaka mingi kuwa ni za wazee, kisha zikarudi mpaka bungeni, na mwezi wa Novemba 2023 Spika wa Bunge la Taifa akazipiga marufuku mle ndani. Babu angalikuwa hai angalifurahi kuwa nguo za rika lake zinaleta ubishi.

Basi mwaka huu Siku ya Kiswahili iliporudi sikuugua. Nilivaa koti la babu, mikono nimeikunja mara moja ili bitana ya leso ionekane, fulana nyeupe, sketi ndefu ya jinzi niliyoinunua kwa shilingi 100, mtandio mweusi na raba zangu. Langoni kaka mmoja wa Kidato cha Nne alipaza sauti mbele ya wenzake, "Huyu amevaa koti la marehemu!" Wakacheka sana. Tumbo lilinishuka. Nilitazama nyuma nikaona gari nililoshukia limekwisha ondoka, la sivyo pengine ningelirudia. Nikamwambia, "Ndiyo. Ni la babu yangu." Sikuwa na jibu jingine la ujanja, lakini kicheko kilikatika, na mmoja wao akauliza ile nyekundu mkononi ni nini. Nikamwonyesha. Herufi zilizoko kwenye mkono wa kushoto ni "Aki".

Nilighani beti zote saba. Katika ubeti wa tano nilisahau kipande, nikakibuni pale pale, na mlezi wetu peke yake ndiye aliyegundua. Baadaye mwalimu wa Hisabati, ambaye hata si wa Kiswahili, aliniuliza fundi wangu yuko wapi, kwani ana koti la baba yake limekaa bila kazi.

Jioni bibi alinivua koti yeye mwenyewe. Alilipindua, akapitisha kidole juu ya bitana, akakagua mishono ya kwapani mmoja mmoja kama mkaguzi wa shule. Kisha akalitundika nyuma ya mlango wa chumba chake. Nilipolitaka Jumamosi iliyofuata aliniambia ningoje, kuna arusi Likoni, na yeye ndiye atakayelivaa.